Kabla ya kumnunulia mtoto kompyuta ya kujifunzia, hesabu matundu yake

Saa tatu usiku, Jumamosi moja mwezi uliopita, dada yangu alinipigia simu. Hakunisalimia.

"Mdogo wangu, ile betri ya saa ya kompyuta haionekani. Na huyu mdogo alikuwa amekaa hapohapo wakati kaka yake anafungua."

"Huyu mdogo" ana miaka miwili na miezi kadhaa. Betri yenyewe ni ile bapa ya mviringo, inayong'aa, inayofanana na sarafu. Imeandikwa CR2032. Wengi tunaziita betri za saa.

Nilimwambia wampeleke hospitali wakati huohuo, wasimtapishe, na wasikae nyumbani kusubiri waone kama atakohoa. Nikachukua bodaboda, nikawakuta mapokezi. Mtoto alikuwa anacheka na kuvuta hereni za mama yake, lakini hilo halikututuliza hata kidogo. Mtoto aliyemeza betri anaweza kucheka hivyohivyo.

X-ray ilionyesha hana kitu, si kooni wala tumboni. Betri ilionekana Jumapili asubuhi ndani ya kiatu cha shule cha kaka yake, kando ya meza ya TV.

Tulicheka baadaye. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza betri hiyo iliingiaje kwenye nyumba ambayo dawa zinafungiwa kabatini na soketi zote za chini zimezibwa. Jibu ni kwamba niliichagua mimi mwenyewe.

Zawadi iliyotoka Uingereza

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Mjomba wake anayeishi Uingereza alimletea kompyuta iitwayo Raspberry Pi 400. Ukiiona mezani utasema ni kibodi tu. Kompyuta nzima imo ndani ya kibodi hiyo. Unaichomeka kwenye TV, unaipa umeme na mausi, basi.

Wazee wa miaka ya 1980 waliokulia Ulaya wanaujua mtindo huu. BBC Micro ya mwaka 1981, ZX Spectrum na Commodore 64 za mwaka 1982, zote zilikuwa kibodi nene inayochomekwa kwenye TV ya nyumbani. Mtoto akiiwasha, alikuta mahali pa kuandika programu, hivyo wengi wakajifunza kuandika. Raspberry Pi ilianzia Cambridge, Uingereza, kwa lengo la kuwarudishia watoto nafasi hiyo. Hii 400 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 70 ikiwa peke yake, au dola 100 ikiwa na mausi, chaja, waya wa TV, memori kadi na kitabu. Desemba 2024 ikatoka ndugu yake, Raspberry Pi 500, kwa umbo lilelile.

Jambo linalowavutia watoto na kuwachanganya wazazi liko mgongoni mwake. Kuna matundu mstari mzima: mawili ya HDMI ndogo, matatu ya USB, moja la waya wa intaneti, moja la chaja, moja la memori kadi, na safu ya pini 40 za kuunganishia taa, vipimo na kila aina ya kifaa cha ziada. Ndani kuna Wi-Fi na Bluetooth.

Dada yangu aliyaangalia matundu hayo, akanisukumia mimi. "Wewe umesoma chuo, na uko kwenye mambo ya afya. Mwambie mwanao anunue nini na aache nini."

Mimi naandika habari za malaria na chanjo, si za kompyuta. Lakini niliulizia, nikasoma, nikakosea mara moja, na leo nawaandikia nilichojifunza.

Muulize anataka kutengeneza nini

Kosa la kwanza la wazazi wengi ni kununua vifaa kabla ya kujua kazi. Kuna mabegi ya vifaa vya ziada yenye vidude zaidi ya thelathini, na mtoto atavitaka vyote. Robo tatu vitaishia kwenye droo, na vingine mdomoni mwa mdogo wake.

Nilimuuliza mpwa wangu anataka kutengeneza kitu gani. Alijibu bila kufikiri: "Kikumbusho cha dawa za bibi."

Mama yetu anaishi kwao na anatumia dawa za presha asubuhi na usiku. Mara kadhaa amesahau. Kijana alitaka taa iwake na kifaa kilie muda wa dawa ukifika.

Kazi hiyo moja ilitusaidia kuchagua. Tulihitaji taa moja, kitu cha kulia na kitufe cha kuzima. Tulihitaji pia kompyuta ijue saa sahihi. Hatukuhitaji kamera, maikrofoni wala mota. Na Pi 400 haina kamera wala maikrofoni ndani, jambo ambalo kwa mtoto wa umri huo mimi naliona ni jema. Ukitaka kamera, utainunua ya USB na utaichomoa mwenyewe darasa la mtandaoni likiisha.

TV, sauti na umeme

TV iwe na tundu la HDMI. Waya uwe wa HDMI ndogo upande mmoja na ya kawaida upande wa pili, na uchomekwe kwanza kwenye tundu lililo karibu na memori kadi. TV ya zamani yenye waya za rangi tatu itahitaji kibadilishi, na maandishi yataonekana kwa ukungu. Macho ya mtoto yatachoka, atasogelea skrini.

Hakuna tundu la earphone. Sauti hutoka kwenye TV, au kwa earphone za USB au Bluetooth. Mimi nilichagua TV, kwa sababu mama anasikia kinachoendelea akiwa jikoni. Ukinunua za masikioni, kumbuka Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda salama unavyopungua.

Chaja iwe ya volti 5 na ampea 3. Chaja nyingi za simu hutoa ampea 2 kwa volti hizo. Kompyuta inaweza kuwaka, lakini alama ya radi ikitokea kwenye kona ya skrini, ujue umeme hautoshi. Ukichomeka vifaa vingi vya USB, tatizo linaongezeka.

Umeme ukikatika ghafla, memori kadi inaweza kuharibika. Mfundishe kuzima kwa kushikilia vitufe vya Fn na F10 kwa pamoja, na kuhifadhi kazi zake kwenye fleshi pia. Kadi ikifa, afe nayo mchezo, siyo kazi ya miezi mitatu.

Intaneti: waya, Wi-Fi, au bila kabisa

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoogopa, na wana sababu. Lakini kuna njia tatu, na si lazima uchukue ile pana zaidi.

Njia ya kwanza ni kuishi bila intaneti. Scratch, ambayo mtoto hupanga vipande vya rangi kutengeneza mchezo, na Python, ambayo huandikwa kwa maneno, zote zinafanya kazi bila bando. Programu iitwayo Kiwix humwezesha kusoma Wikipedia ya Kiswahili iliyohifadhiwa kwenye fleshi. Kolibri hufanya hivyo kwa masomo ya Khan Academy. Unapakua mara moja mahali penye intaneti ya uhakika, mtoto anasoma mwaka mzima.

Njia ya pili ni hotspoti ya simu ya mzazi. Faida yake ni kwamba intaneti inakuja na kuondoka na wewe. Hasara ni bando. Kusasisha programu za kompyuta kunaweza kumeza data ya wiki nzima, hivyo afanye hivyo kwa ruhusa.

Njia ya tatu, kama nyumbani kuna ruta, ni waya. Waya una sifa ambayo Wi-Fi haina, yaani unaonekana. Kompyuta haiwezi kuhamia chumbani bila waya kuifuata. Kwenye ruta unaweza pia kuweka anwani ya DNS 1.1.1.3 ya Cloudflare, ambayo huzuia tovuti nyingi za ngono na zenye programu hatari. Haizuii kila kitu, na haijui video ipi ya YouTube inamfaa mtoto wako. Mtu mzima aliyekaa sebuleni bado anahitajika.

Kwa dada yangu hakuna ruta. Tukachagua hotspoti, saa moja jioni, mama akiwa amerudi kazini.

Pini 40 si za kuchezea ovyo

Pini hizi zina uzuri wake. Mtoto anaandika mistari mitano ya programu, taa inawaka mbele yake. Lakini tuelewane mambo manne.

Kwanza, pini za taarifa hutumia volti 3.3. Pembeni yake kuna pini za volti 5. Waya mmoja ukigusisha hizi mbili, kompyuta inaweza kuungua, na kwa kuwa kila kitu kiko kwenye bodi moja, hakuna kubadilisha tundu peke yake. Waya ziunganishwe kompyuta ikiwa imezimwa. Taa ndogo ya LED iwe na rezista yake kila mara.

Pili, kadi nyingi za ziada zilitengenezwa zikae juu ya Raspberry Pi ya kawaida. Kwenye 400 pini ziko nyuma, kwa hiyo kadi inasimama ikimpa mtoto mgongo. Mfano ni Sense HAT, ile kadi yenye taa 64 na vipimo vya joto na unyevu, ambayo nakala zake zilipelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2015. Ni kadi nzuri sana, ila kwenye 400 taa zake zitamwangalia ukuta. Dawa ni waya bapa wa nyuzi 40 unaozileta pini mezani, uliochapishwa majina ya pini. Hiki ndicho kifaa cha ziada ninachoshauri kinunuliwe kwanza.

Tatu, pini hizi zinajua "upo" na "haupo" tu. Haziwezi kusoma kiasi, mfano udongo una unyevu kiasi gani, bila kuongezewa kidude kingine. Muuzaji akikuuzia kipimo cha udongo, muulize kama kinahitaji nyongeza hiyo.

Nne, na hili halina mjadala: hakuna relei ya kuwasha taa za ukutani. Vidude hivyo ni bei rahisi na vinaonekana sawa na vingine. Lakini upande mmoja una volti 3.3 ambazo hata hazisikiki kwenye kidole, na upande mwingine una umeme wa volti 230 unaoua. Mtoto wa darasa la sita asiuguse.

Kama mtoto ana miaka chini ya kumi, au kama wewe mwenyewe unaziogopa pini hizo, kuna njia ya USB. Kadi ndogo iitwayo micro:bit, ambayo mwaka 2016 iligawiwa bure kwa wanafunzi wa umri wa miaka 11 na 12 Uingereza, ina taa 25, vitufe viwili, na hupima joto na mtikisiko. Toleo la mwaka 2020 lina spika pia. Inachomekwa kwa waya wa USB, hakuna nyaya za kuchanganya. Mpwa wangu anayo sasa, na ndiyo iliyochukua nafasi ya taa na kengele.

Kosa langu: saa

Sasa turudi kwenye betri.

Raspberry Pi 400 haina saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Ikiwaka, inaendelea na muda wa mwisho iliokumbuka, mpaka ipate intaneti ijirekebishe. Umeme ukikatika saa nne, nayo inachelewa saa nne au zaidi. Kwa mchezo haina neno. Kwa dawa za bibi ni jambo kubwa.

Fundi mmoja Kariakoo alinipa jibu la haraka: kidude cha saa kinachokaa kwenye pini, chenye betri yake. Kwa upande wa ufundi alikuwa sahihi. Kwa upande wa nyumba yenye mtoto wa miaka miwili, mimi ndiye niliyepaswa kufikiri. Betri ilikuwa imeshikiliwa na chuma kimoja tu, bila mfuniko. Kijana alipokibonyeza kidude kwenye pini, betri ikaruka.

Betri hizi hazidhuru kwa kuvuja tu. Ikikwama kooni, mate hupitisha umeme, na pale inapogusa nyama hutengenezwa kemikali kali ya jamii ya kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeunguza umio vibaya sana. Hata betri iliyokwisha nguvu, ambayo haiwashi tena rimoti, bado ina umeme wa kutosha kuunguza.

Ndiyo maana ukihisi tu kwamba mtoto amemeza, au ameingiza puani au sikioni, unakwenda hospitali inayopiga X-ray. Usimtapishe. Usisubiri dalili. Sema wazi kwa wahudumu kwamba ni betri, siyo sarafu.

Baada ya usiku ule tulikaa sebuleni kuamua. Niliwaeleza kuna vidude vya saa ambavyo betri yake imelehemiwa na kufungwa, na kwamba hata cha kawaida kinaweza kuwekwa kwenye kisanduku cha skrubu. Kwa nyumba nyingine hilo lingetosha. Dada yangu alikataa. "Hapa hapana," akasema, na ni haki yake.

Kijana ndiye aliyepata njia. "Mama mdogo, kwani lazima kompyuta ijue saa yenyewe? Si iniulize?"

Akaandika programu: kompyuta ikiwaka bila intaneti, kwanza inauliza sasa ni saa ngapi. Anatazama simu ya bibi, anaandika. Mpaka ajibu, kengele hailii, na micro:bit inaonyesha alama ya X. Hakuna betri, hakuna bando, hakuna shilingi iliyotumika.

Majaribio ya kwanza yalituamsha wote. Bibi alisema dawa ni saa mbili usiku, kijana akaandika 2:00. Kengele ikalia saa nane usiku wa manane. Ndipo nilipoona kwa macho yangu kwa nini kifaa cha mtoto kisiwe tegemeo pekee la mgonjwa. Kilikuwa kinafanya kazi bila hitilafu yoyote, na kilikuwa kimekosea kwa saa sita. Sasa ameandika 20:00, na karatasi aliyopewa bibi kliniki imebandikwa palepale.

Kabla ya kulipa

Mzazi, ukiwa dukani au unaagiza, jiulize haya:

1. Mtoto anataka kutengeneza nini? Kifaa kisichohusika kisubiri.

2. TV ina HDMI? Chaja ni ya ampea 3? Waya wa HDMI ndogo upo?

3. Intaneti itaingia kwa njia ipi, na nani ataifungua na kuifunga?

4. Kuna kidude chenye betri ya sarafu? Kama kuna, imefungwa kwa skrubu? Kama haijafungwa, kibaki dukani.

5. Nani mwingine yuko nyumbani? Kompyuta ni ya mtoto wa miaka kumi na moja, lakini vipande vyake vitaokotwa na wa miaka miwili. Kazi ya pini ifanyike mezani, juu ya sinia au kitambaa cheupe, vipande vikihesabiwa mwanzo na mwisho.

Na leo usiku, hata kama huna mpango wa kununua kompyuta, zunguka nyumbani. Fungua rimoti ya redio ya gari, mizani ya kupimia uzito, ufunguo wa rimoti, mishumaa ya plastiki inayowaka, kadi za pongezi zinazoimba na midoli yenye taa. Utashangaa betri za sarafu ziko ngapi. Yenye mfuniko uliolegea, izungushie gundi ya karatasi. Iliyokwisha, izungushie pia, kisha itupe mbali na mikono midogo.

Bibi anasema anamshukuru mjukuu wake. Ila nimemwona jioni: taarifa ya habari ya saa mbili ikianza redioni, anainuka kuchukua maji ya dawa. Micro:bit inapolia, tayari ameshameza. Kijana anaiweka tiki kwenye daftari na kuizima.

Wiki ijayo: mtoto anayekataa kunywa uji asubuhi kabla ya shule.